Mkono wa Kwanza Kutoka Kwenye Sinia

Rehema, na ninyi wengine mliobaki jikoni, mlinibana niandike habari za kazi kabla sijazisahau. Haya, naandika. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikwenda siku ambazo mbuzi walikuwa na mtu mwingine wa kuwachunga. Kwa hiyo msinitafutie koma. Nitasema kama ninavyosema siku zote, na mkiona nimetoka njiani ningojeni, huwa narudi.

Habari za vyeo sina. Niliingia mpishi, nimetoka mpishi, tofauti ni magoti.

Kwetu ni Buigiri, mnajua. Kabla ya kambi nilipikia shule za bweni, ugali na maharage, maharage na ugali, mpaka usingizini nikawa naota nachagua mawe. Jirani yangu mmoja ndiye aliyesikia kwamba huko Hombolo, upande wa bwawani, kuna kambi ya wakimbiaji inatafuta mama wa kupika. Akasema si kambi ya hivi hivi, kuna watafiti kutoka chuo cha mjini Dodoma. Wanachunguza mtu akishakimbia sana mwili wake unarudije: ale nini, alale vipi, kesho yake aamkeje. Mimi nilicheka. Nilijua mtu akichoka anapumzika, sikujua kuna watu wamekwenda shule kusomea hilo. Ila shuleni nilikuwa nimechoka na mawe, nikaenda.

Siku ya kwanza nilimkuta Daktari Zuhura amesimama mlango wa jiko, ushungi kichwani na raba za kiume miguuni. Yeye ni mtoto wa mjini hasa, ukoo wa watu wa maduka, wazee wao walikuja na misafara ya zamani wakaona hapa panatosha. Mimi, kwa kuwa nimeambiwa ni daktari, nikampa shikamoo. Akaruka kama amekanyaga kaa la moto.

"Mama, usinizeeshe! Shikamoo ni yako. Marahaba nitaipeleka wapi mimi?"

"Nimeambiwa wewe daktari."

"Daktari wa vyakula. Sina hata sindano."

Nikampenda hapo hapo. Halafu akaniwekea mezani mizani, nyeupe, bapa kama sahani ya chai. Mizani niliyoizoea mimi ni ya sokoni, ile ambayo muuzaji anaisaidia kwa kidole. Nikamuuliza, "Kuna unga umepotea?"

"Hapana, Mama Yeremia. Nataka kujua kila mmoja anakula kiasi gani."

"Si uwaulize?"

"Nikiwauliza watasema wameshiba."

Kazi ikawa hivi. Kila mkimbiaji alikuwa na sahani yake, jina limeandikwa kwenye plasta chini ya kitako. Sahani inapimwa ikitoka dirishani, na inapimwa ikirudi. Ikirudi na mabaki, mabaki yanatolewa kwenye hesabu. Ikirudi tupu, Daktari anaandika kwamba huyu amekula chote. Ugali wa uwele ulipimika vizuri, nyama ilipimika, maziwa ya mgando yalipimika. Kilichotushinda ni mlenda, ile mboga ya kuteleza. Mlenda ukiuinua unakufuata, ukiukata unaungana, na Daktari wa watu anahangaika na kijiko huku namba kwenye mizani zinapanda na kushuka kama zinacheza ngoma. Mwisho alisema mlenda utaandikwa kwa kukadiria. Nilimwambia hata mama yangu alikuwa anaukadiria.

Mwalimu wangu wa pili pale alikuwa Kocha Lameki. Alikuwa mwanajeshi zamani, maneno yake machache na kila moja limepigwa pasi. Yeye hakuwa na mizani. Bweni la wasichana lilikuwa na ngazi za kushukia uwanjani, na kila asubuhi Kocha alisimama pale chini na kikombe chake cha chai, anatazama wanavyoshuka. Nilimpelekea chai siku moja nikamuuliza anahesabu nini.

"Miguu," akasema. "Mkimbiaji simtazami siku ya mbio, Mama. Siku ya mbio kila mtu ni shujaa. Namtazama kesho yake. Akishuka ameelekea mbele, amerudi. Akishuka kwa ubavu ameshika ukuta, bado yuko jana."

Neno hilo nimekaa nalo miaka yote. Hata sasa nikienda msibani au harusini natazama watu wanavyoshuka ngazi, na ninyi mkinitazama mimi mtaona niko jana muda mrefu.

Nisisahau usingizi, maana usingizi nao ulikuwa kazi. Daktari alitaka wasichana walale kidogo mchana, baada ya chakula, misuli ijijenge. Wale wasichana wametoka vijijini, majumba ambayo msichana akionekana amelala mchana wanauliza ana homa gani. Walikuwa wanajilaza, sawa, lakini wakisikia kinu changu kinatwanga karanga wote wanaamka, mmoja anashika ufagio, mwingine anakimbilia ndoo. Hawawezi kulala mama mtu mzima anafanya kazi. Daktari aliwaambia, akawafundisha kwa picha za misuli, wapi. Basi akanijia mimi. "Mama Yeremia, baada ya chakula cha mchana funga jiko. Nenda ukalale."

"Mimi sikimbii, Daktari."

"Ndiyo, lakini wewe usipolala hawalali."

Nikawa nalala kwa ajili ya utafiti. Mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa bidii. Na jogoo wa jirani, yule aliyekuwa anawika kabla ya wakati akiwaharibia wasichana usingizi wa asubuhi, Kocha alimnunua, nikampika. Huo ndio utafiti pekee nilioufuata mwenyewe kutoka mwanzo hadi mchuzi.

Sasa nije kwa Sechelela, maana ndiye niliyekaa kuandika habari zake, haya mengine yalikuwa yananisafisha koo.

Seche alitoka Gulwe, kwenye stesheni ya garimoshi. Alisema alijifunza kukimbia kwa kuchelewa shule. Alipofika kambini alikuwa mdogo kuliko wote pale mezani kwao, mwembamba, mcheshi, ana pengo la meno ya mbele kama la kwangu. Ninaposema mezani mnielewe: meza zilikuwepo ukumbini, lakini wasichana walichukua sahani zao dirishani wakaenda kukaa barazani, nyuma, kwenye mkeka, wanne au watano. Mkubwa wao wakati ule alikuwa Joyce. Seche alikimbia mwaka ule mpaka Kocha akasahau kunywa chai yake. Asubuhi baada ya mbio alikuwa anashuka zile ngazi anaruka, mbuzi kabisa.

Halafu Joyce akachukuliwa jeshini, wakubwa wengine nao wakaondoka mmoja mmoja, wakaletwa Penina na Monika, wasichana wadogo, wageni hata wa mji. Seche akawa ndiye dada wa mkeka ule. Na kuanzia hapo, taratibu, akaanza kurudi nyuma.

Siyo kwamba alikuwa mvivu. Mazoezi yale yale. Chakula, Daktari alitazama namba zake, sahani inatoka imejaa inarudi tupu, kama zamani. Usingizi, alivalishwa saa ya mkononi ya kupimia, saa ikasema analala vibaya, anageukageuka. Lakini kwa nini, saa haikusema. Wakampima malaria, hana. Wakamtazama damu, wakasema imepungua kidogo, wakampa vidonge. Mfupa wa muundi ukaanza kumuuma. Asubuhi anashuka ngazi kwa ubavu, ameshika ukuta, na Kocha pale chini anahesabu miguu.

Kisha kukaja lile jambo lingine. Ninyi wavulana wa jikoni mkiona haya rukeni hapa, ingawa nyote mmezaliwa. Hedhi yake ilisimama. Wasichana wakaona, wasichana huona, na neno likatembea mpaka kwa Kocha kwamba Sechelela ana mimba. Kocha alikuwa na sheria yake, mwenye mimba anarudi kwao. Akampeleka zahanati, akapimwa, hana. Akapimwa tena, maana Kocha hakuamini, hana. Seche alirudi kutoka zahanati akaja moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye gunia la uwele.

"Mama, wanasema nawaficha."

"Unawaficha?"

"Naficha nini, Mama? Hata ningetaka, nani wa kumtaka mtu anayetembea hivi?"

Alijaribu kucheka. Halafu akaniambia kilichokuwa kinamkaba. Kwao akirudi hakuna kukimbia tena. Baba yake alimruhusu mara moja, kwa kubembelezwa na mwalimu wa shule, na alimwambia wazi kwamba akirudishwa asiombe tena. Nilimpa uji.

Kocha alisema zabibu zikivunwa kutakuwa na mchujo mjini. Asubuhi baada ya mchujo Seche akishuka bado kwa ubavu, anaondoka. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayeahirisha kumchinja ng'ombe anayempenda. Daktari Zuhura akaomba Seche aachiwe apumzishe mfupa ule, aogelee bwawani badala ya kukimbia. Bwawani kuna kichocho, Kocha akakataa, na kwa hilo alikuwa na haki. Seche akapewa baiskeli ya mazoezi.

Ikaingia Ramadhani, na kipupwe chake, upepo wa Dodoma mnaujua, unaingia mpaka kwenye chumvi. Daktari alikuwa anafunga, na kila jioni alikuwa anawahi mjini kufuturu na mama yake. Siku hiyo gari likapata pancha, na gurudumu la akiba nalo halina upepo. Dereva akatembea kutafuta msaada. Jua linazama, Daktari yuko barazani na tende mkononi, uso umemshuka. Nikamkorogea uji, nikamchemshia viazi vitamu. Akafungua pale jikoni, akasali, alipomaliza akasema, "Mama Yeremia, futari ya peke yangu hainiteremki."

Wasichana wakasikia. Penina, ambaye mdomo wake haujui kufungwa, akaita, "Daktari, karibu huku! Sisi tuko wengi!"

Akaenda. Akavua raba, akakaa kwenye mkeka. Mimi nilikuwa namletea maji ya kunawa, kwa hiyo niliona.

Wasichana walikuja na sahani zao zilizopimwa kwa gramu, kila moja na jina chini ya kitako. Wakaweka sinia kubwa katikati. Na hapo hapo, mbele ya Daktari, wakamimina. Sahani ya Monika, sahani ya Penina, sahani ya Seche, zote, ugali kando, nyama katikati, mlenda kwenye bakuli lake. Kisha wakazipanga zile sahani tupu pembeni, tayari kurudishwa dirishani.

Daktari alibaki na mikono ndani ya beseni la maji, hanawi.

"Mnafanya nini?"

"Tunakula," akasema Monika.

"Kila siku mnamimina?"

Wakatazamana. Wasichana wa watu hawakujua kosa ni lipi. Ukiniuliza mimi, nilikuwa nawaona wakimimina, na isingenijia hata siku moja kwamba hiyo ni habari ya kumpelekea mtu. Ni kama umpelekee habari kwamba wanavaa viatu miguuni. Seche, kwa kuwa ndiye dada, akajibu kwa adabu. "Daktari, kila mtu na sahani yake tunaonekana tumegombana."

Daktari akanawa. Akala. Alikuwa mgeni, nyama nzuri zikasukumwa upande wake, akazirudisha, zikasukumwa tena. Wanazungumza, wanacheka, Penina anamwigiza Kocha na kikombe chake. Na kabla ugali haujafika nusu, Seche akanyanyua mkono. Akasogea nyuma kidogo, akalamba vidole.

"Mbona umeacha?" Daktari akamuuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Nimekuhesabu matonge."

"Dada Seche anashiba mapema siku hizi," Penina akasema, mdomo umejaa. "Tangu awe mkubwa. Zamani eti alikuwa anakula kama mchwa, dada Joyce alitusimulia alipokuja kuchukua mizigo yake!"

Wakacheka wote, Seche naye. Daktari hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wa Seche. Mnajua kwetu, na kumbe hata kwao, mkubwa wa sinia ndiye ananyanyua mkono kwanza, ili kilichobaki wale wadogo. Hakuna anayefundishwa. Siku unapojikuta wewe ndiye mkubwa, mkono unanyanyuka wenyewe.

Daktari alisema polepole, kama anazungumza na viazi vyake, "Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo. Nimekua nikiamini bibi yangu hapendi nyama."

Kisha akainuka akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda changu, akajishika kichwa. Nilidhani anaumwa kwa njaa ya kutwa.

"Mama Yeremia, muda wote huu nilidhani napima watu. Nilikuwa napima sinia."

Ndipo akanieleza kwa namna ambayo hata mimi wa darasa la nne nilishika. Mkimbiaji anakimbia kutwa, akila kidogo mwili haufi, unabana matumizi. Ni kama nyumba unga umepungua, mama anafunga vyumba visivyo na haraka. Unafunga hedhi. Unaacha kukarabati mifupa. Usingizi unakuwa wa mang'amung'amu. Anayeona kwa nje anasema mvivu, au anasema mimba. "Na yeye mwenyewe," Daktari akasema, "hajui kama ana njaa. Anajua tu kwamba yeye ni dada."

Kesho yake alimwambia Kocha ukweli wote, pamoja na kwamba hesabu zake za msimu mzima zinakwenda jalalani. Nilikuwa namimina chai, nilimwona. Hakujificha nyuma ya maneno ya Kizungu. Alisema, "Nimekosea namna ya kupima, Kocha, na karibu tumfukuze mtoto kwa ajili hiyo." Mimi nimefanya kazi na watu wengi waliosoma na wasiosoma, na ambao wangesema vile mbele ya chai ya watu ni wa kuokoteza.

Kocha akatafuta dawa ya kijeshi. Masinia yakafungiwa stoo, kila mtu na sahani yake, kila mtu ukumbini, na Kocha anazunguka nyuma yao kama msimamizi wa mtihani. Ikawa msiba. Monika akawa anakula nusu. Penina akanyamaza kabisa, Penina! Siku moja akalia juu ya ugali, akasema kwao aliyekuwa anatengewa sahani yake peke yake alikuwa shangazi mwenye kifua kikuu, na yeye kila akishika hiyo sahani anamwona. Seche ndiyo kabisa, anatazama sahani za wadogo zake kama zimepungukiwa kitu, anakatakata nyama yake aipeleke kwao, Kocha anakohoa, anairudisha.

Daktari akatoa masinia stoo. Akaja jikoni, nilikuwa nachekecha unga.

"Mama, nani anaweza kumwambia Seche arudishe mkono akaurudisha?"

"Mimi nitajuaje? Mkubwa wake."

"Wewe umemzidi?"

"Nimemzidi hata mama yake."

Akanitazama. Nikamtazama. Nikakumbuka jinsi alivyonitazama ile siku ya kunipeleka kulala mchana, nikajua limenifika.

"Sitaki," nikasema. "Nina sufuria motoni."

"Sufuria nitaangalia mimi."

"Wewe utaniunguzia."

Aliniunguzia kweli, mara mbili. Lakini kuanzia jioni ile nilivua kanga ya kazini, nikanawa, nikakaa kwenye mkeka wa wasichana. Kazi yangu ilikuwa moja tu: nile matonge machache, ninyanyue mkono kwanza, kisha nikae hapo hapo nisiondoke. Nimepewa kazi nyingi maishani, hiyo ndiyo pekee ya kulipwa nisile, na mimi mpishi. Nilikuwa najazia jikoni kabla.

Seche hakuwa mjinga. Siku ya kwanza niliponyanyua mkono, naye akanyanyua.

"Rudisha," nikamwambia.

"Nimeshiba, Mama."

"Mkubwa hapa ni nani?"

"Wewe, Mama."

"Basi aliyeshiba ni mimi. Rudisha mkono."

"Mbona wewe huli, Mama?"

"Meno yananiuma."

"Juzi ulitafuna mahindi ya kuchoma. Tulikusikia mpaka bwenini."

"Ndiyo yaliyoniumiza!"

Penina akacheka mpaka mlenda ukampalia. Seche akarudisha mkono. Sikumlazimisha zaidi ya hapo, wala haikuhitajika. Mimi nikiwa pale yeye hakuwa dada tena, alikuwa mtoto kati ya watoto, na mkono wa mtoto unajua njia. Ndani ya siku chache alikuwa anagombea mfupa na Monika. Daktari akamwongezea maziwa ya mgando na karanga mara tu akishuka kwenye baiskeli, kabla hata hajavua viatu, akasema huo ndio wakati misuli ina njaa zaidi. Na sahani aliacha kuzipima. Akawa anapima wasichana wenyewe, uzito, usingizi, na zile ngazi za Kocha akaziingiza kwenye utafiti kabisa.

Jioni moja natwanga karanga, Seche akaja mlangoni, anasimama kama mtu aliyeiba.

"Mama, una kanga kuukuu?"

"Ya nini?"

Akatazama chini, halafu akatabasamu na lile pengo lake. Mwanangu, nilitupa mchi. Nilipiga kigelegele mpaka kuku wa jirani, wale wajane wa yule jogoo, wakaruka ukuta. Daktari akatoka mbio, nikamnong'oneza kwamba hedhi imerudi, naye akapiga chake, cha kimjini. Kocha akaja kutoka uwanjani anauliza nani ameolewa. Tukamwambia hayamhusu. Alisimama pale, akatutazama, akatazama kanga mkononi mwa Seche, masikio yakamwiva, akarudi uwanjani. Yule mzee hakuwahi kumwomba mtu msamaha kwa mdomo, ila tangu siku hiyo neno mimba sikulisikia kwake tena mpaka msichana mwenyewe aje kulisema.

Zabibu zikavunwa. Mchujo ukafika. Msidhani nitawaambia alishinda. Alikuwa amepoteza miezi juu ya baiskeli, akaja nyuma ya wasichana aliokuwa anawaacha zamani wakila vumbi. Tulirudi Hombolo, ni Penina tu aliyekuwa anaongea, anahesabu makosa ya waamuzi. Seche alikaa dirishani. Kocha alikaa mbele, hakugeuka.

Asubuhi yake sikuwasha moto kwa wakati. Nilikwenda kusimama na Kocha chini ya ngazi, na Daktari alikuwa ameshafika kutoka mjini, hakuna aliyemwita. Kocha ana kikombe, mimi nina mwiko, sijui niliubebea nini. Wakaanza kushuka. Monika. Penina, anapiga miayo. Halafu Seche akatokea pale juu. Alipotuona watatu tumesimama tunatazama miguu yake, akajua. Alisimama. Ukuta ulikuwa hapo kando yake, na mkono wake niliuona unaufikiria.

Akashuka. Ameelekea mbele, mikono inaning'inia, mguu huu, mguu huu, mpaka chini. Akapiga goti kidogo, "Shikamoo Mama, shikamoo Kocha."

Kocha akanywa chai. Ilikuwa imepoa, najua kwa sababu niliimimina mimi.

"Marahaba," akasema. "Kavae raba. Leo unakimbia."

Mwaka uliofuata alikimbia vizuri, na uliofuata vizuri zaidi, na baba yake Gulwe aliambiwa na watu wa garimoshi kabla sisi hatujampigia simu. Lakini mimi nikikumbuka, nakumbuka ngazi.

Rehema, sasa nasema na wewe. Sufuria kubwa lina kutu upande wa mpini, usilitie maziwa. Unga wa uwele wa yule muuzaji mwenye kofia uchekeche mara mbili. Baada ya chakula cha mchana lala, na ulale kweli, watakusikiliza unavyokoroma. Na jioni nenda kwenye mkeka. Hakuna karatasi ya kazi iliyoandika hivyo, na utasema wewe bado kijana. Kwa wale watoto wewe ni mama. Kila wanapokuja wapya, yuko mmoja kati yao anayejikuta mkubwa ghafla. Kaa karibu na huyo.

Siku ya kuniaga mlipika ninyi, na nashukuru, chumvi ilizidi ila nashukuru. Mlitandika mkeka barazani kama zamani. Sechelela alikuwepo, siku hizi yeye ndiye anayewafundisha wadogo kukimbia, na Penina, na Daktari Zuhura mwenye mvi sasa chini ya ushungi, na Kocha Lameki aliyeletwa kwa gari na kukaa chini kwa taabu, magoti yake na yangu yakisalimiana. Kuku mzima katikati ya sinia. Tukaanza. Mimi, mazoea, matonge machache, nikanyanyua mkono.

Nikaona nimechelewa. Seche mkono juu. Penina mkono juu. Daktari. Hata Kocha, ambaye sijapata kumwona akiacha nyama kwenye sinia tangu nimjue, amekunja mikono kifuani anatazama uwanja. Mapaja yote mawili ya kuku yalikuwa yamesukumwa upande wangu.

"Nini tena?" nikasema.

"Tumeshiba, Mama," akasema Seche.

"Mmeshiba nini? Hamjala kitu."

"Meno yanatuuma."

Nilitaka kubishana. Nikaangalia kila uso, hakuna hata mmoja aliyetikisika. Basi nikaurudisha mkono. Nilikula paja la kwanza, nikala la pili, nikavunja na mfupa, polepole, na wote walikaa hapo hapo wakaningoja mpaka nikashiba.